Fidia ya Abiria Waliokufa Katika Ajali za Reli

Leo nataka kuwasimulia historia ya jambo moja la sheria lililoanza mbali, nalo limefika hata kwetu. Jambo hilo ni fidia wanayodai jamaa za abiria aliyekufa katika ajali ya gari la moshi.

Huenda msikilizaji wa Dirma akauliza, "Jambo hilo latuhusu nini? Reli haipiti Dirma. Sisi tuna ng'ombe, mahindi na Mlima Hanang." Ni kweli. Lakini watu wa Dirma husafiri. Kijana aenda Singida, kisha Manyoni au Dodoma, na huko hupanda gari la moshi kwenda Tabora, Mwanza au Dar es Salaam kutafuta kazi, au kumtazama ndugu. Mtu huyo akifa njiani, msiba hauketi stesheni. Msiba waja nyumbani, kwa mkewe, kwa watoto wake, na kwa wazee wake waliokuwa wakimtegemea. Nao huuliza maswali mawili. Je, kuna haki yoyote kwa ajili ya mtu wetu? Na kama ipo, ni ya nani?

Maswali haya ni ya kale kuliko reli. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, hasa ya wafugaji, mtu alipouawa na mtu wa ukoo mwingine, wazee walikaa barazani, wakasikiliza maneno, na ukoo wa muuaji ukachanga ng'ombe na kuwatoa kwa ukoo wa marehemu. Wadatoga na jirani zao wanaijua desturi hiyo. Pwani nako, kwa sheria ya Kiislamu, malipo ya damu huitwa dia. Waingereza pia, kabla ya Wanormani kuishinda nchi yao mwaka wa 1066, walikuwa na sheria ya namna hiyo. Kila mtu alikuwa na thamani yake kwa kadiri ya cheo chake, na aliyemwua alipaswa kuwalipa jamaa zake. Tena hawa wote hawakudhani kwamba ng'ombe au fedha ni badala ya mtu. Walilipa ili damu isidai damu, na ili nyumba iliyopotewa na mtu isianguke kabisa.

Lakini Uingereza desturi ile ilikufa. Wafalme walizidi kupata nguvu, wakasema kwamba kuua ni kosa juu ya mfalme. Muuaji aliadhibiwa na mfalme, na mali yake ikachukuliwa na mfalme. Jamaa za marehemu walibaki na kilio chao. Hata ilipofika mwaka wa 1808 jambo hili lilionekana wazi katika korti ya London. Bwana mmoja, jina lake Baker, alikuwa amesafiri na mkewe juu ya gari la farasi la abiria. Gari likapinduka. Bwana Baker aliumia, na mkewe aliumia zaidi, akafa baada ya muda wa mwezi mmoja hivi. Bwana Baker akawashtaki wenye gari. Jaji mkuu, Lord Ellenborough, akaamua kwamba mume aweza kulipwa kwa maumivu yake mwenyewe, na kwa kukosa msaada wa mkewe katika siku zile alipokuwa mgonjwa. Lakini tangu siku ile mke alipokata roho, hesabu inakoma. Kifo cha mtu, alisema, si jambo la kudaiwa fidia katika korti ya madai. Bwana Baker akapewa pauni 100, na katika hizo hamna hata senti moja kwa ajili ya kifo chenyewe.

Lifikirini neno hilo. Mwenye gari aliyemvunja abiria mguu alilipa. Aliyemwua kabisa hakulipa, maana aliyekufa hawezi kushtaki, na walio hai hawakuwa na haki. Kwa kufuata sheria ile, ilikuwa nafuu kwa tajiri kumwua mtu kuliko kumjeruhi. Watu waliivumilia sheria hiyo wakati wa magari ya farasi, kwa sababu gari moja lilichukua watu wachache tu. Kisha ikaja reli.

Mwaka wa 1830 reli kati ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa, na baada ya miaka michache reli zilienea Uingereza kama utando wa buibui. Sasa mamia ya watu waliweza kuwa katika safari moja, nyuma ya injini moja, chini ya mkono wa dereva mmoja. Tarehe 24 Desemba, 1841, kabla ya mapambazuko, gari moja la moshi lilitoka London kwenda Bristol. Mahali paitwapo Sonning njia yapita katika bonde lililochimbwa na watu, nalo lina kuta ndefu za udongo kila upande. Mvua ilikuwa imenyesha sana, udongo ukaporomoka ukafunika reli. Injini ikaingia katika udongo ule, ikasimama ghafula.

Abiria wa daraja la tatu walikuwa katika mabehewa yaliyo wazi, hayana paa, na mbao za kando zilikuwa fupi. Tena mabehewa hayo yalikuwa yamewekwa kati ya injini na mabehewa ya mizigo. Injini iliposimama, mizigo ikaja kwa kishindo nyuma yao. Watu 8 walikufa papo hapo, na mwingine akafa baadaye. Wengi wao walikuwa mafundi wa mawe waliokuwa wakijenga nyumba mpya ya Bunge la Uingereza, wakirudi kwao kwa sikukuu ya Krismasi. Basi watu waliolijengea Bunge nyumba walikufa bila Bunge hilo kuwa limewawekea wajane wao sheria yoyote.

Palikuwa na desturi moja tu ya zamani iliyobaki. Kitu kilichomwua mtu, kama ni ng'ombe, gurudumu au mtumbwi, kilihesabiwa thamani yake, na thamani hiyo ikatozwa. Kwa Kilatini kitu hicho kiliitwa deodandi, maana yake kitu cha kupewa Mungu. Zamani fedha zake zilikusudiwa kazi za sadaka, lakini kwa kawaida zilikwenda kwa mfalme au kwa bwana mwenye ardhi ya mahali pale. Watu wa baraza walioketi kuchunguza vifo vya Sonning walikasirika, wakaitoza kampuni ya reli deodandi ya pauni 1,000. Lakini zilipwe au zisilipwe, fedha hizo hazikuwa haki ya mjane wa fundi. Hasira ya watu ilikuwa imepata njia ya kumtoza mkosa, lakini haijapata njia ya kumsaidia aliyefiwa.

Kutoka hapo mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwaka wa 1844 Bunge lilitunga sheria kwamba kampuni za reli ziwachukue abiria wa daraja la tatu katika mabehewa yenye paa, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa kila maili. Kisha mwaka wa 1846 sheria mbili zilitungwa katika mwezi mmoja wa Agosti. Ya kwanza iliondoa deodandi kabisa. Ya pili ililetwa na mwanasheria mkubwa, Lord Campbell, nayo ndiyo mama wa sheria zetu za fidia ya vifo hata leo. Yafaa tuitazame kwa makini, maana maneno yake ni machache lakini yana uzito.

Sheria ya Lord Campbell ilisema kwamba mtu akifa kwa kosa au uzembe wa mwingine, na kosa lenyewe ni la namna ambayo, kama angalipona, angaliweza kudai fidia, basi mkosa hapati kuokoka kwa sababu mtu amekufa. Dai laendelea. Lakini dai hilo si la kila mtu. Ni kwa faida ya mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu. Laletwa kortini na msimamizi wa mali ya marehemu kwa niaba yao wote. Laletwa mara moja tu, wala si kila ndugu na kesi yake. Wakati ule lilipaswa kuletwa katika muda wa miezi 12 tangu kifo. Na baraza la juri lilipopata jumla ya fidia, liliigawanya lenyewe, likasema mjane apate kiasi gani, na kila mtoto kiasi gani. Mwaka wa 1864 sheria iliongezwa: kama msimamizi hayupo, au amekaa miezi 6 bila kushtaki, wafiwa wenyewe waweza kushtaki.

Hapo mwaona tofauti kati ya sheria hii na desturi ya ng'ombe wa damu. Ng'ombe wa damu walitoka kwa ukoo wakaenda kwa ukoo. Fidia ya Lord Campbell yatoka kwa mkosa, yaenda kwa watu wanaotajwa kwa majina, wale waliokuwa wakila kutoka mkono wa marehemu. Sheria haiulizi, "Marehemu alikuwa mtu wa cheo gani?" Yauliza, "Nani amekosa chakula kwa kufa kwake, na amekosa kiasi gani?"

Mwaka wa 1852 swali gumu lilikuja mbele ya majaji. Mjane wa bwana mmoja aliyeitwa Blake, aliyeuawa katika ajali ya reli ya kampuni ya Midland, alidai fidia. Je, juri laweza kumpa fedha kwa ajili ya huzuni yake? Majaji wakasema hapana. Sheria yapima hasara iwezayo kuhesabiwa kwa fedha, machozi hayapimwi. Neno hili liliwaudhi watu wengi, na kweli ni neno kavu. Lakini lina sababu yake: kama machozi yangehesabiwa, nani angejua kipimo cha machozi ya mjane huyu na ya yule?

Walakini hesabu ya namna hii ina upungufu wake, na si vizuri tuufiche. Kwa kuwa yapima kipato, kifo cha karani mwenye mshahara mkubwa huleta fidia kubwa, na kifo cha mkulima huleta ndogo. Tena karani ana karatasi ya mshahara, na mkulima hana. Mtu wa Dirma aweza kudhani kwamba mkulima hawezi kuhesabiwa kabisa. Hilo si kweli. Natoa mfano wa kubuni tu. Tuseme mtu alivuna magunia 30 ya mahindi kwa mwaka. Magunia 8 yalikuwa sehemu yake mwenyewe, kwa chakula chake na haja zake. Basi magunia 22 ndiyo yaliyoilisha nyumba, na thamani yake ndiyo hasara ya mwaka mmoja. Kisha jaji hutazama umri wa marehemu, na umri wa watoto, akakadiria miaka ambayo msaada ule ungeendelea. Hupunguza kidogo, kwa kuwa hakuna ajuaye ya kesho, na kwa kuwa fedha zinatolewa zote kwa pamoja. Kwa njia hiyo hata jembe laweza kuingia katika hesabu ya korti. Lakini lazima awepo shahidi wa kusema, "Naam, shamba lile nalijua, na mavuno yake nayajua."

Sasa tutazame faida nyingine ya fidia, ambayo watu huisahau. Kampuni inayojua kwamba kila kifo cha uzembe kitagharimu fedha, hujifunza kutahadhari. Hata hivyo fidia peke yake haikutosha. Tarehe 12 Juni, 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari la moshi lililojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao lilishindwa kupanda mlima. Wafanya kazi wa reli wakaligawa mara mbili, ili injini ivute nusu kwanza. Breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo, ukiyatenga mabehewa na injini, breki hazishiki tena. Waliweka mawe chini ya magurudumu. Mawe hayakufaa. Mabehewa ya nyuma yakaanza kurudi, yakateremka mlima kwa kasi, yakagongana na gari jingine lililokuwa likija nyuma. Watu 80 walikufa, miongoni mwao watoto. Mwaka ule ule Bunge lilitunga sheria ya kulazimisha breki zinazoshika zenyewe mabehewa yakikatika, na kulazimisha kwamba magari mawili yasiwe katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Ukumbukeni mlima ule wa Armagh, maana tutauona mwingine katika nchi yetu.

Kwetu, reli ililetwa na Wadachi. Walianza kujenga kutoka Tanga mwaka wa 1893. Reli ya Kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika Tanganyika, na pamoja na bendera yao wakaleta sheria yao. Sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, iliwekwa kuwa msingi wa sheria za korti kuu za Tanganyika, kwa kadiri ilivyofaa hali ya nchi. Kisha mwaka wa 1955 Tanganyika ilitungiwa sheria yake yenyewe ya fidia ya ajali za kuua, iliyofuata njia ya Lord Campbell. Sheria hiyo haikuondoka pamoja na Waingereza. Ilibaki katika vitabu vya sheria vya Tanzania baada ya Uhuru. Basi neno lililozaliwa kwa sababu ya mafundi wa mawe wa Uingereza laweza kumfaa mjane wa Hanang.

Lakini sheria ni jambo moja, na kuipata haki ni jambo jingine. Tazameni misiba miwili iliyotokea katika nchi yetu.

Wa kwanza ulitokea majini, lakini chombo chenyewe kilikuwa cha Shirika la Reli la Tanzania, maana shirika hilo ndilo lililoendesha meli za maziwa wakati ule. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Ilikuwa imefanywa kuchukua abiria 430. Orodha yake ilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili. Katika daraja la tatu, ambamo maskini walijaa, hapakuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa, na hata leo hesabu zinazotajwa hazilingani. Wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Maofisa wa shirika walishtakiwa. Lakini mtu aliyefiwa na ndugu wa daraja la tatu alikutwa na swali chungu: "Waonyesha kwa nini kwamba alikuwamo melini?" Kama jina halikuandikwa bandarini, na maiti haikutambuliwa, jamaa walihitaji mashahidi waliomwona akipanda.

Wa pili ulikuwa wa reli yenyewe. Asubuhi ya tarehe 24 Juni, mwaka wa 2002, gari la moshi la abiria lililotoka Dar es Salaam lilikuwa likipanda mlima kati ya Msagali na Igandu, katika Mkoa wa Dodoma. Ndani yake mlikuwa na abiria zaidi ya 1,200. Breki zikashindwa, likaanza kurudi nyuma, likateremka kwa kasi kubwa, likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Frederick Sumaye, alikuwa ndiye Mbunge wa Hanang. Basi msiba wa Igandu ulikuwa karibu nasi kuliko ramani inavyoonyesha. Miaka 113 ilikuwa imepita tangu Armagh, na mlima ulifanya kazi ile ile: breki zilizokosa kushika, mabehewa yaliyorudi nyuma, na gari jingine lililo chini. Na hapo pia palikuwa na maiti ambazo hazikutambuliwa na ndugu zao.

Katika ajali kama hizi korti huuliza mambo manne, nami nataka kila msikilizaji ayashike. La kwanza: je, alikuwa msafiri? Tikiti husaidia, na orodha husaidia, na shahidi husaidia. La pili: je, ajali ilitokana na kosa la mtu? Kwa kawaida haitoshi kusema gari lilianguka. Mwezi wa Januari, 1993, katika Kenya, gari la moshi la usiku kutoka Mombasa lilitumbukia mtoni mahali paitwapo Ngai Ndethya, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamechukua daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Katika msiba kama huo mtu huuliza: je, ni mvua tu, ambayo ni kudra ya Mungu, au palikuwa na mtu aliyepaswa kulikagua daraja naye hakulikagua? La tatu: je, hawa wanaodai ni nani kwa marehemu? La nne: walikuwa wakipata nini kwake?

Maswali mawili ya kwanza huwa mikononi mwa serikali na shirika la reli. Ni wajibu wao kuandika abiria wote, wa daraja la kwanza na wa daraja la mwisho, na kutunza breki na madaraja. Lakini maswali mawili ya mwisho yako mikononi mwetu, humu vijijini. Mtoto azaliwe, aandikishwe. Watu waoane, cheti kipatikane. Na kama ndoa ni ya mila, wazee waliokula mahari wawe tayari kuishuhudia. Mtu akisafiri, awaambie wa nyumbani anapanda nini, lini, na anakwenda kwa nani, wala asiitupe tikiti yake. Msiba ukitokea, ukoo ukae, uandike maneno ya kikao, umteue msimamizi mwaminifu, na msimamizi huyo aende Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa. Tena asikawie. Sheria zina muda wake, na anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kutoa kwanza taarifa ya siku 90. Dai lililochelewa hufa kama mche uliopandwa mvua zikiwa zimekwisha.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito. Katika nyumba nyingi, fedha za marehemu zikifika, ndugu zake wa kiume huzishika, wakisema, "Huyu ni mtu wetu, sisi ndio ukoo." Mjane hupewa kidogo, au hapewi kitu, na watoto huacha shule. Wenye kufanya hivyo hudhani kwamba wafuata desturi ya ng'ombe wa damu. Lakini hawaifuati vizuri. Ng'ombe wale waliletwa ili nyumba ya marehemu isimame, si ili ndugu wazidishe mazizi yao. Na sheria ya fidia imesema wazi zaidi: fedha hizi si mirathi ya ukoo. Ni chakula cha watu ambao mikono iliyowalisha imeanguka. Wazee wetu wa mila wana neno kubwa katika jambo hili, maana korti iko mbali, lakini baraza la wazee liko chini ya mti ule ule tunaoujua. Mzee akisema, "Mpeni mjane haki yake," nani atabisha?

Wengine husema kwamba kudai fedha kwa ajili ya mtu aliyekufa ni kumwuza marehemu. Maneno hayo yasikieni kwa heshima, kwa sababu yatoka katika huzuni. Lakini fidia si bei ya mtu. Majaji wa mwaka wa 1852 walikataa hata kupima machozi. Fidia ni ada ya shule ya mtoto, ni mbegu za msimu ujao, ni bati la nyumba ambayo baba hakuimaliza. Asiyedai hamheshimu marehemu kuliko mwenye kudai. Humwachia mkosa tu mzigo wake mwepesi, na mkosa mwenye mzigo mwepesi hana haraka ya kutengeneza breki.

Wasikilizaji, sasa reli mpya imejengwa. Mwaka wa 2024 magari yanayokwenda kwa nguvu za umeme yalianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha hata Dodoma. Tunaomba yasipate msiba kamwe. Lakini gari lolote, liwe la farasi, la moshi au la umeme, huchukua pamoja na kila abiria mmoja watu wengine wasioonekana: mke, watoto, mama mzee aliyebaki kijijini. Ilichukua watu wa Uingereza tangu mwaka wa 1808 hata mwaka wa 1846 kukubali kwamba hao wasioonekana nao wana haki. Sisi tumeipokea haki hiyo ikiwa tayari imeandikwa. Kazi iliyobaki kwetu ni kuyaandika majina.